Nani atamwagilia mwezi wa nane?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa mazingira katika shule ya msingi moja wilayani Chamwino, Dodoma. Tuna wanafunzi wapatao 600. Kila mwaka tunapanda miti na kila mwaka inakufa. Mwaka jana tulipanda 350. Leo imebaki 11, tena yote iko karibu na nyumba ya mwalimu mkuu. Tuliwaagiza watoto walete maji kutoka nyumbani, wazazi wakalalamika, nasi hatukuwa na la kuwajibu. Sasa tumeahidiwa miche 400 tuipande tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Natamani watoto wajifunze kutunza mazingira kwa vitendo, wasiishie kukariri maana ya "uhifadhi endelevu" kwa ajili ya mtihani. Nianzie wapi, na ni mradi gani hautahitaji fedha ambazo hatuna?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikacheka, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Kati ya miti 350 imepona 11, na yote iko kwa mwalimu mkuu. Kwa nini pale? Mimi nahisi najua: kuna mtu anamwaga maji ya kuoshea vyombo, kuna mtu anafukuza mbuzi, na wala hakuna aliyeuita huo mradi. Lakini usiwaambie watoto ninachohisi. Wapeleke darasa la tano pale na daftari, wakae dakika arobaini, waangalie udongo, waangalie alama za meno ya mbuzi, wamuulize mama mwenye nyumba maji yake anayamwaga wapi na saa ngapi. Kisha wapeleke walikopanda ile mingine 339. Warudi darasani waandike kwa maneno yao kwa nini hii imekufa na ile imepona. Hilo ni somo la kwanza la mradi wako, na halijagharimu hata shilingi.

Nami nilikosea kama ninyi. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya kanda hii, tulichimba mashimo wiki nzima, tukaleta mgeni rasmi, kwaya ikaimba, miti ikapandwa tarehe 5 Juni saa tano ya asubuhi, jua likiwaka. Siku nne baadaye shule ikafungwa kwa likizo. Tuliporudi Julai tulikuta vijiti. Nilichosikitika zaidi si miti. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliniambia, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, ile miti ilikuwa ya sherehe." Alikuwa amejifunza alichofundishwa.

Hebu tuitazame tarehe yenyewe. Siku ya Mazingira Duniani inakumbuka mkutano wa Umoja wa Mataifa ulioanza Stockholm tarehe 5 Juni 1972. Haikuwekwa na mtu aliyetazama mawingu ya Chamwino. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hupata milimita 550 hadi 600 hivi. Tarehe 5 Juni kiangazi kimeshaingia, na mvua ya maana inayofuata iko miezi sita mbele. Hata Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, ambayo kwa mikoa mingine huangukia masika yenyewe, kwetu huangukia mvua ikiaga. Anayepanda Juni huku lazima awe na maji ya kumwagilia hadi Desemba. Kama hana, anachimba makaburi madogo.

Kwa hiyo ushauri wangu, na mengine yote nitakayosema yanatoka humu: msipange mradi kuanzia siku ya kupanda. Pangeni kuanzia mwezi wa nane mrudi nyuma. Kabla ya kuuliza tupande nini, ulizeni nani atakuwa anamwagilia mwezi wa nane, kwa maji gani, na mbuzi watakuwa wapi. Watoto wa darasa la sita wanaweza kabisa kulifanyia hesabu swali hilo. Tena walifanye wao.

Hesabu yenyewe ni hii. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wape watoto kamba yenye mafundo kila mita, wapime jengo moja la madarasa, urefu na upana wa eneo linalofunikwa na bati. Tuseme wamepata mita 20 kwa 8. Ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 550 kwa mwaka ikiangukia bati hilo ni lita 88,000. Maji mengine hurukia pembeni, mengine huvuja kwenye maungio ya gata, kwa hiyo chukueni asilimia 80 tu: lita 70,400. Andika namba hiyo ubaoni unyamaze. Watoto waliozoea kupanga foleni na dumu la lita 20 wataigawa wenyewe, watapata madumu 3,520, watakutazama. Hayo yote yamekuwa yakipita juu ya vichwa vyao kila mwaka na kuchimba korongo nyuma ya choo.

Sasa geuza hesabu. Shule nyingi hazina fedha za tangi la kuchukua maji yote hayo. Tuseme mmepata simtanki moja la lita 5,000. Kwa bati lile lile, mvua ya milimita 40 tu inalijaza, kinachobaki kinamwagika. Kiangazi chenu, toka Mei mpaka mwisho wa Novemba, kina siku 210 hivi. Lita 5,000 gawanya kwa siku 210 ni kama lita 24 kwa siku. Dumu moja na kopo. Hiyo ndiyo mali yenu ya kiangazi kwa tangi moja, na hapo hamjanywa wala kunawa.

Mti mchanga wa jamii inayovumilia ukame, ukiwa na matandazo ya kutosha, yaani majani makavu yanayofunika udongo kwenye shina, na maji yakipelekwa kwenye mizizi badala ya kumwagwa juu, kwa uzoefu wangu husogea kwa lita tano kwa wiki. Lita 24 kwa siku ni lita 168 kwa wiki. Gawanya kwa tano: miti 33. Si 400, Mwalimu. Miti 400 kwa wiki 30 ingetaka lita 60,000, yaani madumu 3,000. Sasa unaona kwa nini wazazi walilalamika. Walikuwa wanaombwa kubeba mto kwa vidumu vya lita tatu, na mbebaji, kama unavyojua, alikuwa binti wa miaka kumi aliyekwisha kuchota maji ya nyumbani alfajiri.

Mkimaliza hesabu hiyo, darasa zima litakuwa linajua neno "endelevu" maana yake nini bila kulitaja. Maana yake ni 33.

Ili hesabu isiwe ya kubuni tu, wekeni kipima mvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye kuta zilizonyooka, ikate chini ya mabega, geuza kichwa chake kiwe kama faneli ndani ya kiwiliwili. Weka kokoto chini, mimina maji mpaka pale chupa inapoanza kunyooka, chora mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, isomwe kila siku saa tatu asubuhi, maana ndiyo saa wanayosoma wataalamu wa hali ya hewa nchini. Mtoto mmoja asome, mwingine ahakiki, wa tatu aandike. Zamu zibadilike kila wiki. Chupa ikijaa maji asubuhi moja ya Januari utaona wanakimbia kuja shule kabla ya kengele. Mwaka wa pili mtakuwa na jedwali la mvua la kijiji ambalo hata bwana shamba wenu atakuja kuliomba.

Sasa maji yenyewe yafikishweje kwenye mzizi? Watu wengi watakwambia utoboe kifuniko cha chupa ya plastiki, uifukie kichwa chini kando ya mche. Inafanya kazi, nami nimeitumia, ila jua huichakaza na tundu huziba kwa udongo. Mimi napenda zaidi chungu. Chungu cha kufinyangwa kisichopakwa rangi, kifukiwe mpaka shingoni kando ya mche, kijazwe maji, kifunikwe na kigae au jiwe bapa. Udongo ukikauka, maji huvutwa kupitia kuta za chungu. Udongo ukiwa na unyevu, hutulia. Hapo una somo zuri la sayansi, na una sababu ya kumwita bibi mmoja kijijini anayefinyanga aje afundishe mchana mmoja. Wagogo ni wafinyanzi wa siku nyingi. Mtoto akiona bibi yake amesimama mbele ya darasa na walimu wanaandika, amejifunza jambo lingine kabisa, na hilo sitalieleza.

Kuhusu maji ya kunawa: kama mna vibuyu chirizi, vile vidumu vya kunawia mikono, karibu na vyoo, tazama maji yanaangukia wapi. Mara nyingi yanaangukia kwenye tope lenye mbu. Watoto 600 wakitumia robo lita mara mbili kwa siku ni lita 300 kila siku ya shule, mara kumi na mbili ya lile tangi linavyowapa. Chimbeni mfereji mdogo wenye kokoto, maji yaende kwenye shina la mpapai au migomba miwili mitatu. Maji ya sabuni kidogo hayana shida kwa miti. Msiyapeleke kwenye mchicha. Haya ndiyo maji yenu ya uhakika kuliko yote. Tatizo lake ni likizo tu, na likizo nitaijia.

Nimekaa sana kwenye maji kwa makusudi. Sasa niseme kuhusu mradi ambao hauhitaji maji kabisa, na ambao kwa Dodoma ningeutanguliza mbele ya upandaji wowote: kisiki hai.

Umewahi kuona vichaka vile vya kimo cha goti pembezoni mwa shamba la shule, ambavyo kila mwaka mnavifyeka vinarudi? Vingi si vichaka. Ni miti iliyokatwa, ambayo mizizi yake bado iko chini, mirefu, inajua maji yalipo. Kila mwaka inatoa machipukizi ishirini au thelathini, kila mwaka yanaliwa au yanafyekwa. Kazi ni kuchagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, kuondoa mengine, kupogoa matawi ya chini ya yale mliyoyabakiza, kufunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, kisha kukilinda. Basi. Njia hii ilienezwa Niger na Mwaustralia Tony Rinaudo kuanzia mwaka 1983, na huko imefufua miti kwenye mamilioni ya hekta. Hapa Dodoma taasisi ya LEAD Foundation imeifundisha vijiji vingi, kwa jina hilohilo la kisiki hai, kwa hiyo huenda kuna mkulima karibu yenu anayeijua. Mtafute. Wasukuma kule Shinyanga wana ngitili zao, malisho yanayofungwa yapumzike mpaka kiangazi kikali, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanzia mwaka 1986 ulijengwa juu ya elimu hiyo. Ardhi ya kwetu ina kumbukumbu ya miti. Kazi kubwa ni kuiacha ikumbuke.

Kwa shule uzuri wake ni huu: kinakua upesi. Mche uliopandwa mwaka huu mtoto haoni tofauti mpaka mwaka ujao. Chipukizi la kisiki lenye mzizi wa miaka ishirini hupanda mbele ya macho. Wagawe watoto watano watano, kila kundi lichague kisiki, likipe jina, lipime chipukizi refu kila mwisho wa mwezi kwa kamba na rula, lichore grafu. Waulize wazee jina la mti huo kwa Kigogo na ulikuwa unatumika kwa nini. Kuna watoto watarudi na majina ambayo wewe na mimi hatuyajui, na hapo mwalimu akubali kuwa mwanafunzi. Tahadhari moja: panga na kisu vishikwe na wewe au mzazi. Watoto wachague na waamue. Mkataji ni mtu mzima.

Nisemee na ufagio. Kila asubuhi, kabla ya mstarini, shule zetu hufagia. Hufagiwa njia, uwanja, chini ya miti, hadi udongo ung'ae kama sakafu. Majani hukusanywa na kuchomwa. Kisha mvua ya kwanza inaondoka na udongo, kiangazi tunakula vumbi, na saa nne mwalimu wa sayansi anaandika ubaoni "mmomonyoko". Tunafuta kwa ufagio tulichoandika kwa chaki. Usinielewe vibaya: mbele ya madarasa na njiani pafagiwe, na nyasi zilizo karibu na majengo zikatwe fupi kwa sababu ya nyoka. Lakini kule pembeni acheni. Majani yaliyofagiwa yapelekwe kwenye mashina ya ile miti 33 kama matandazo, yanayobaki yaingie kwenye shimo la mboji pamoja na samadi na mabaki ya jikoni. Kama mwalimu mwenzako hakubali, usibishane naye. Pasua chupa mbili kwa urefu, zote weka udongo, moja funika majani, nyingine acha tupu. Watoto wamimine kopo moja la maji kwa kila moja, wayakinge yanapotokea. Yenye majani itatoa maji karibu meupe, iliyo tupu itatoa chai ya maziwa. Acha glasi zote mbili kwenye dirisha la ofisi ya walimu.

Takataka. Siku moja, siyo zaidi, tandikeni turubai mmwage uchafu wote wa shule wa siku hiyo, muupange kwa mafungu: vinavyooza, karatasi, plastiki, na vinginevyo. Watoto watumie vijiti, wasiguse vioo, betri wala sindano, wanawe baadaye. Nakuhakikishia fungu la plastiki litawashangaza, na litakuwa na rangi nyekundu: ni vifuko vya ubuyu, na vya barafu, na karatasi za biskuti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, lakini vifungashio vidogo vya vitu vya kula vilibaki, na watoto ndio wateja wake wakubwa. Sasa hapa walimu wengi hukimbilia kutengeneza maua ya plastiki ya kupamba ofisi. Sipendi. Ua la plastiki linamfundisha mtoto kwamba taka ikipakwa rangi inaacha kuwa taka. Waache watoto wahesabu vifuko, wajue vinatoka kwa nani, kisha kundi la watoto watatu na mwalimu waende kwa mama wanaouza nje ya geti, waamkie, wawaonyeshe hesabu, waulize: ubuyu unaweza kuuzwa kwa kijiko, mtoto akaja na kikopo chake? Mmoja atakubali, mwingine atasema atapata hasara. Watoto wakirudi na jibu la hasara, wana kazi ya hesabu ya wiki nzima, na wamekutana na ukweli kwamba uchafu una uchumi wake. Plastiki iliyobaki msiichome, moshi wake una sumu. Ihifadhiwe kwenye gunia mpaka apatikane mnunuzi au gari la kwenda mjini.

Kama shule inapika uji au makande, basi kuna mradi mwingine jikoni, na huu nauonea wivu maana nilichelewa kuujua. Pimeni kuni. Tumieni mizani ya kuning'iniza, wiki moja mkipika kama mlivyozoea, wiki ya pili mkiloweka maharage na mahindi tangu jioni, mkifunika sufuria, na kuni zikiwa zimekauka vizuri. Chakula ni kilekile, idadi ya watoto ni ileile. Tofauti ya kilo watoto waigeuze kuwa mizigo ya kichwani, wanajua mzigo mmoja una uzito gani. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shule yenu ina zaidi ya watoto 100. Siku ya kuomba jiko jipya itafika, na kamati ya shule ikiwa na daftari la kilo za kuni la miezi mitatu, itasikilizwa kuliko yenye barua ya malalamiko.

Lakini Mwalimu, usifanye yote haya mwaka mmoja. Ukifanya maji na kisiki hai mwaka wa kwanza umefanya mengi. Bustani ya mboga ambayo kila mtu atakushauri uanze nayo, iache kabisa mpaka tangi lijulikane linafika wapi.

Kuna jambo linaloweza kuua mradi wote huu hata maji yakiwepo. Katika shule nyingi, mtoto aliyechelewa anatumwa kumwagilia miti. Aliyepiga kelele anachimba shimo. Aliyekosa hesabu anabeba samadi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, mbolea ielezwe kwenye somo la sayansi na matokeo yake yaonekane shambani, tena wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Sisi tukachukua jembe, tukaacha uamuzi. Nimekutana na wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye viwanja vyao, hawana hata mti mmoja, na mmoja aliniambia wazi kwamba akishika ndoo anasikia fimbo. Kwa hiyo weka sharti moja na walimu wenzako walikubali kikaoni: hakuna kazi ya mradi wa mazingira itakayotolewa kama adhabu. Wanaotaka kuadhibu watafute kitu kingine. Na pale ambapo watoto wanatakiwa kuamua, kisiki gani, mti gani, zamu ya nani, waamue kweli, hata kama wewe ungechagua tofauti.

Likizo na mbuzi ni suala moja, maana mbuzi hawaendi likizo. Kabla shule haijafungwa Juni, kila mti kati ya ile 33 uwe na watoto wawili wanaoishi karibu na shule, majina yao yakiwa yameandikwa ukutani, na mzazi mmoja anayejua. Lita tano kwa wiki ni safari moja ya dakika kumi, kwa maji ya tangi la shule na si ya nyumbani. Zungushieni kila mti miiba, si kwa urembo, iwe mizito mpaka beberu akate tamaa. Kisha barua. Watoto wa darasa la saba waandike barua rasmi kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba eneo la visiki vya shule litangazwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwamba halichungwi. Hiyo ni insha ya barua ambayo kwa mara moja ina mtu wa kuisoma. Waombe dakika tano wasimame wenyewe waisome mkutanoni. Mchungaji anayemsikia mdogo wake akisoma pale mbele ataswaga mbuzi wake njia nyingine, angalau kwa wiki kadhaa, na wiki kadhaa za mwanzo ndizo zenye hatari.

Sasa ile miche 400. Usiikatae, walioahidi wana nia njema na sherehe ni yao pia. Waombe tu mgeni rasmi azindue kitalu badala ya kupanda. Ikifika, ipangwe chini ya kivuli kizito, viriba, yaani vile vifuko vya udongo vya miche, vikiwa vimebanana ili visikauke upesi, imwagiliwe asubuhi au jioni kwa kopo lenye matundu. Miche ikiwa mahali pamoja chini ya kivuli hunywa maji kidogo sana kuliko ikiwa imetawanyika juani, na hapo hata maji ya kunawa yanatosha. Kila mwezi inueni viriba vyote muikate mizizi inayotafuta ardhi, la sivyo mwezi wa kumi na mbili mtaing'oa badala ya kuihamisha. Mingine itakufa, watoto wahesabu kila Ijumaa, waandike, pamoja na sababu wanayodhani.

Mvua ya Desemba ikishalowesha udongo mpaka kina cha kiwiko (mtoto achimbe apime, msibahatishe kwa kutazama mawingu), pandeni 33 shuleni, mkwaju na mwarobaini kwanza. Inayobaki igaweni kwa kaya za wanafunzi, mche mmoja kwa nyumba, upandwe pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Mtakumbuka mlilisoma wapi hilo: kwa mwalimu mkuu. Na kama mnataka sherehe yenu wenyewe, ifanyeni Novemba mwaka unaofuata, siku ya kuhesabu iliyo hai. Mkipata 20 niandikie. Mkipata 9 niandikie pia, ila barua hiyo waandike watoto.